Samahani Kaka, Sikukukonyeza

Dirisha ninalokatia tiketi lina upana wa viganja vinne. Abiria wa kivuko cha kutoka Mwanza kwenda Kamanga hawajui kama nimevaa sketi au nimejifunga kanga, kama nimekalia kiti au kreti la soda. Wanachoona ni uso. Mkono unapokea nauli na kurudisha chenji, lakini anayeongea nao ni uso, na kwa karibu miaka mitatu uso wangu ulikuwa unawaambia watu mambo ambayo mimi sikuutuma.

Ilianza kwenye ukope wa chini, jicho la kushoto. Kitu kidogo tu, kama dagaa anayerukaruka kwenye maji ya kina kifupi. Mama yangu, yuko Magu, akaniambia kwenye simu kwamba ukope wa juu ukicheza utamwona mtu uliyempoteza siku nyingi, wa chini ukicheza utalia. Nikamwambia, mama, huu unacheza tangu Pasaka, sasa nitalia mara ngapi? Akasema, "We subiri."

Mwaka uliofuata jicho likawa linafumba lote. Shavu nalo likaingia kwenye ngoma, kisha pembe ya mdomo, ikawa inavutwa juu kuelekea sikioni. Sasa pigeni hesabu wenyewe: jicho moja linafumba, mdomo unatabasamu upande uleule, mwanamke yuko dirishani na abiria ameinama kuchukua tiketi yake. Kiswahili hakina neno jingine kwa kitu hicho zaidi ya kukonyeza.

Kijana mmoja wa bodaboda alikata tiketi tatu kwa siku moja na hakuvuka hata mara moja. Mzee mmoja wa Sengerema aliniuliza kwa upole kabisa kama wazazi wangu bado wako hai. Mama mmoja aliyekuwa nyuma ya mumewe kwenye foleni alimsogeza pembeni, akainama mpaka paji lake likagusa nondo za dirisha, akasema, "Rudia." Nami nikarudia, kwa sababu ukipata wasiwasi ndipo jicho linapozidi.

Nikanunua miwani ya jua Makoroboi. Kesho yake watu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama Baba Neema amenipiga.

Baba Neema ni fundi wa mashine za boti kule Mwaloni, Kirumba, mahali ambapo habari hufika kabla ya samaki. Walimfikishia: mkeo anakonyeza wateja. Alichowajibu nilikuja kukisikia baadaye kwa mtu mwingine. Alisema jicho hilo linacheza hata nikiwa nimelala, yeye mwenyewe huliona usiku kwa mwanga wa simu, na hajawahi kusikia mwanamke anayekonyeza dari. Nimeishi na mtu huyo miaka ishirini na moja. Kasoro zake nitaziandika siku nyingine.

Dawa nilizotumia kabla ya kupata dawa zingejaza beseni. Vidonge vya vitamini, matone ya macho, mafuta ya nyonyo, ndizi mbivu kila asubuhi. Wifi yangu alisema ni kiharusi kidogo kinabisha hodi, nikapimwa presha mpaka mkono ukachoka, presha iko sawa. Mganga mmoja alisema nimekanyaga kitu. Dirishani sikanyagi kitu, miguu iko juu ya kreti.

Daktari wa macho hapa mjini ndiye wa kwanza kuniangalia bila kunipa cha kununua. Alinitazama kimya kwa dakika kadhaa, kisha akaniambia nifumbe macho kwa nguvu, nifumbue, nitabasamu, nipulize kama ninazima mshumaa. Akasema jicho ni zima. Mgonjwa ni mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya upande ule wa uso, ule wa saba katika jozi kumi na mbili zinazotoka kwenye ubongo. Mara nyingi, akasema, kuna mshipa wa damu umeuegemea pale unapochomoza, na kila moyo ukipiga unausugua. Hilo nililielewa papo hapo. Chukua kamba ya kivuko inayosuguana na nguzo palepale kwa kila wimbi, ila ndani ya kamba hiyo kuna waya za umeme. Ikichunika, shoti. Kitaalamu ugonjwa wenyewe unaitwa hemifeshali spazimu, lakini nyumbani tunauita "ile shoti" na wote tunaelewana.

Akanieleza njia zilizopo. Kuna vidonge vya kifafa, ambavyo husaidia wachache na kuwasinzisha wengi. Kuna upasuaji wa kufungua nyuma ya sikio na kuweka kijimto kati ya mshipa wa damu na ule wa fahamu, na huo ndio unaoweza kulimaliza kabisa. Na kuna sindano.

"Sindano ya nini, daktari?"

"Botox."

Nikacheka, maana Botox niliijua kama sindano ya kunyoosha makunyanzi. Upande wa kushoto ulikuwa umeshaanza kucheka kabla yangu.

Alinipa barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Nikapanda basi Nyegezi, nikashuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR. Nauli, kipimo cha MRI na sindano vikaondoka na mashine ya akiba ya Baba Neema, ile aliyokuwa akiifuta kwa kitambaa kila Jumapili. Bima yangu niliyokatwa kwenye mshahara miaka yote ilijibu kwa mstari mmoja kwamba dawa iliyoombwa ni ya urembo. Barua hiyo ninayo. Nimeihifadhi pamoja na cheti cha ndoa.

Kwenye benchi la kusubiri nilitegemea kukuta akina dada wenye mikoba na kucha ndefu. Nilimkuta mzee aliyepata kiharusi, mkono umekunja ngumi kwa nguvu mpaka kucha zinachimba kiganja, binti yake amemfunga kitambaa kati ya vidole. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano hivi mwenye mtindio wa ubongo, miguu imekaza na kupishana kama mkasi. Kulikuwa na mama wa Tanga ambaye shingo yake imegeuka kutazama bega la kulia, hata kula anakula akiangalia ukutani. Dada mmoja kijana alikuwa na kipandauso, kichwa kinamuuma siku nyingi za mwezi kuliko siku kinapopoa. Yeye huchomwa matundu 31 kichwani, usoni, shingoni na mabegani. Wote tumekuja kwa kichupa kilekile. Mama wa Tanga akaniuliza mimi ninaumwa nini. Kabla sijajibu nikamkonyeza, naye akasema, "Aa, pole mwanangu."

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nilimbana. Nilitaka kujua kwa nini nichomwe sumu, maana sumu ndilo neno alilotumia yeye mwenyewe. Akasema msuli haujikunji bila kupata ujumbe. Mshipa wa fahamu unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unaipokea, unajikunja. Sumu hii inaingia kwenye ncha ya mshipa na kukata protini ambayo kazi yake ni kuitoa kemikali hiyo nje. Ujumbe unabaki ndani. Shoti inaendelea kule juu kama kawaida, ila haifiki kwenye shavu. Kisha pole pole mshipa unajitengeneza upya, na baada ya miezi mitatu au minne ujumbe unaanza kupita tena. Kwa hiyo hainiponyi. Inanizibia.

Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya wagonjwa wa sukari. Aliniwekea barafu, akachoma kuzunguka jicho, juu ya nyusi na shavuni, kila tundu karibu na jicho yuniti mbili na nusu tu. Haikuzidi dakika kumi. Akasema nisisugue uso, nisilale saa za mwanzo, nisitegemee muujiza leo.

Kwenye treni, kisha kwenye basi, nilisoma simuni mpaka chaji ikaisha. Jina la sumu hii linatokana na neno la Kilatini la soseji. Justinus Kerner, daktari wa Ujerumani aliyekuwa pia mshairi, kati ya 1817 na 1822 aliandika kuhusu watu waliouawa na soseji mbovu, akaijaribu sumu hiyo kwa mwili wake mwenyewe, na akawaza kwamba huenda siku moja ikafaa kutuliza mishipa ya fahamu inayofanya kazi kupita kiasi. Mshairi, miaka mia mbili iliyopita, alishaniwazia! Kisha Desemba 1895, kijiji cha Ellezelles kule Ubelgiji, wapiga tarumbeta walikuwa wametoka kupiga muziki msibani, wakakaa kula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem akaichunguza nyama hiyo na kumpata bakteria mwenyewe, anayeishi mahali pasipo hewa. Msiba wa mtu mmoja ukazaa misiba mingine mitatu. Hilo nililirudiarudia kichwani mpaka Singida.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu na soseji zao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, liliandika kuhusu watu waliopata sumu hiyo Kenya baada ya kula kumbikumbi. Mimi nimekula kumbikumbi maisha yangu yote. Chakula kikichemshwa vizuri sumu yenyewe hufa, lakini mbegu za bakteria huvumilia maji yanayochemka, ndiyo maana hata asali, ambayo huweza kuwa na mbegu hizo, haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Neema alilambishwa na bibi yake akiwa na wiki tatu. Nimempigia bibi simu, kajibu mbona Neema yuko kidato cha sita.

Siku ya nne nilikuwa dirishani. Saa nne asubuhi, foleni ya pikipiki na magunia, nikaona kuna kitu kimepungua na sijui ni nini. Mnaijua ile hali jenereta ya jirani inapozimwa, ndipo unagundua kwamba ulikuwa unapiga kelele kuongea na mtu aliye mbele yako? Uso wangu ulikuwa umenyamaza. Nikamaliza kukata tiketi za kivuko kizima bila kumwambia mtu yeyote neno ambalo sikulikusudia. Nilipofunga dirisha nililia. Mama akasema, "Si nilikwambia?"

Haikuwa asali tupu. Dozi ya shavuni mara ya kwanza ilizidi kidogo, pembe ya mdomo ikalegea kwa wiki kadhaa. Uji ulikuwa unatoroka upande wa kushoto. Herufi ya pe na ya be zikawa zinatoka na upepo, na jaribuni kusema "pikipiki na abiria wawili" mara mia kwa siku mkiwa hivyo. Jicho halikufumba vizuri, upepo wa ziwa ukalikausha, nikawa natembea na matone na usiku nalibandika plasta. Awamu ya pili daktari alipunguza, na tangu hapo nipo sawa. Huwa ninarudi baada ya majuma kumi na mbili au zaidi. Ukiharakisha, mwili unaweza kujifunza kuipinga dawa, halafu ikawa maji.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Nina miaka arobaini na saba, na paji langu lina mistari ya mtu aliyekaa karibu na ziwa akikunja uso kwa jua. Baada ya sindano, nusu ya kushoto ikanyooka. Mistari inatoka kulia, inafika katikati ya nyusi, inakoma, kama barabara ya lami inapoishia kwenye mpaka wa wilaya. Upande mmoja ni mimi, mwingine ni mdogo wangu wa mwisho. Wifi aliona kabla ya mtu yeyote. Kwenye kikao cha vikoba, mbele ya wanawake kumi na wanane, akasema, "Kumbe safari zote hizo za Dar ni kujichoma Botox ya makunyanzi!"

Nilijitetea kwa historia. Niliwaambia kwamba daktari wa macho Alan Scott, wa San Francisco, ndiye aliyeitafutia sumu hii kazi, akianza na misuli ya macho ya kima, akitafuta tiba ya makengeza. Alichapisha majaribio hayo 1973, ya watu 1980, na mwishoni mwa 1989 Marekani ikairuhusu kwa makengeza, kwa kope zinazojikaza zenyewe, na kwa magonjwa ya mshipa wa saba. Wa saba, jamani, wangu! Ruhusa hiyo haikutaja makunyanzi. Makunyanzi yaliletwa na mgonjwa wa kope kule Vancouver, 1987, aliyemlalamikia daktari wake wa macho, Jean Carruthers, kwamba leo hujanichoma katikati ya nyusi, na ukinichoma pale uso wangu unakaa vizuri. Daktari akamwambia mumewe Alastair, daktari wa ngozi. Wakachapisha habari yake 1992, na ruhusa ya urembo Marekani ikaja 2002. Kwa hiyo, nikasema, anayeniambia dawa yangu ni ya urembo amegeuza mtumbwi. Urembo ndio uliodandia mtumbwi wetu.

Wakanisikiliza vizuri sana. Kisha mweka hazina akaniuliza namba ya daktari.

Wiki hiyohiyo dada mmoja wa saluni alinifuata kazini. Ana kijana anayekuja kutoka mbali na kibegi, anachoma uso mzima kwa bei ya kusuka rasta, na kwa kuwa mimi ninajulikana "kwa mambo hayo" nimletee wateja, nitapata changu. Nikamwuliza dawa inaitwaje. Hajui, kichupa kimebanduliwa karatasi. Inatunzwa wapi? Kwenye kibegi. Kina barafu? Huwa anaweka soda ya baridi. Nikamwambia dawa hii hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, huwa unga mkavu unaochanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, na yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine, ukikosea hapo unamfumba mtu macho. Ikisambaa mbali na ilipochomwa inaweza kumzuia mtu kumeza hata kupumua. Onyo hilo mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru liandikwe tangu 2009. Na mwaka 2024 hukohuko Marekani watu walilazwa kwa sindano bandia. Dada akasema, "Mama Neema, wewe una wivu." Labda. Lakini sikumletea mteja.

Nilivyomjibu yule dada kwa ukali hivyo, mtadhani mimi ni mtu wa kuwasema wanaotaka uso laini. Hapana, na nitawaambia kwa nini. Awamu ya tatu, daktari alipomaliza kushoto, nilikaa kimya kidogo, halafu nikamwuliza kama kichupani kimebaki chochote. Akasema kimebaki kidogo, na kilichokwishachanganywa hakiwekwi kumngoja mgonjwa wa baada ya miezi mitatu. Nikasema, na huku kulia je, pajini, ili vifanane? Akanitazama. Akasema wapo wagonjwa wanaoomba hivyo, si kosa, ila upande huo hauna ugonjwa. Nikasema ninajua. Akachoma matone machache.

Nyumbani nilimwambia Baba Neema kwamba daktari ndiye aliyeshauri, ili kusawazisha. Siyo kweli. Niliomba mwenyewe, na nililipenda paji langu kwenye kioo cha choo cha stendi ya Dodoma kuliko nilivyokipenda kitu chochote mwaka huo. Ile barua ya bima ilikuwa na uongo kwa matundu yote ya kushoto na ukweli kwa matundu machache ya kulia, na hayo machache bima haijui. Baba Neema naye alikuwa hajui mpaka leo, kama anasoma hapa.

Yule kijana wa bodaboda bado anavuka. Juzi aliinama dirishani, akasema kwa huzuni ya kweli, "Mama, siku hizi hunikonyezi." Nikamwambia samahani kaka, hata zamani sikukukonyeza wewe, nilikuwa naumwa. Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi ulikuwa unaumwa vizuri."

Jana Baba Neema alikuja kuvuka, kuna mashine imegoma ng'ambo. Akapanga foleni kama abiria, akaweka nauli. Nikaona mtu huyu, pamoja na mashine yake niliyoiuza, anastahili kimoja cha makusudi. Nikalituma jicho la kushoto. Likagoma, likafumba nusu, likarudi. Nikatumia la kulia.

Akashtuka. Akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuhesabu.

"Dawa imeisha tena?"